Mwambie Mumeo

"Mwambie mumeo chai inapoa," alisema mama mkwe.

Mume mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake, kikombe kiko karibu na goti lake, na masikio yake hayakuwa na hitilafu yoyote. Lakini alisubiri. Mkewe, aliyekuwa ameinamia cherehani upande wa pili wa chumba, aliinua uso akamwambia kwamba chai inapoa. Ndipo akachukua kikombe, akaomba mama aambiwe kuwa anashukuru. Mke akasema, "Anashukuru," kisha akarudi kwenye kola aliyokuwa akiishona.

Msidhani palikuwa na ugomvi. Ugomvi ungekuwa na nafuu yake, maana wanaogombana angalau huambiana. Hawa wawili walikuwa na heshima, tena heshima iliyofurika mpaka ikaziba njia. Kiwanda cha kwanza alichofanyia kazi huyu bwana kilipofungwa, yeye na mkewe walihamia kwa mama, katika nyumba ya chumba na sebule. Mama alilala chumbani, wao wakalala sebuleni nyuma ya pazia. Mwanamume anayelala sebuleni kwa mama mkwe wake hukohoa kabla ya kuingia hata kama mlango uko wazi. Huyu alikohoa kiasi kwamba jirani mmoja alimshauri akapimwe kifua.

Mama naye aliogopa kuonekana anamtawala mwanamume wa watu kwa sababu ya paa. Alinyata kwa ncha za vidole ndani ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Akitaka redio ipunguzwe sauti, alimwomba binti yake amwombe mumewe, na mumewe akapunguza mpaka haisikiki, na wote wakakaa wakiitazama redio iliyonyamaza.

Kwa hiyo binti ndiye aliyekuwa posta ya nyumba. Na posta ile ilikuwa na tabia yake: ilifungua barua na kuondoa miiba. Mama akisema, "Mwambie mumeo viatu vyake vinanuka mpaka kwa jirani," mume alifikishiwa kwamba leo kuna jua zuri la kuanika viatu. Mume akisema mboga zimezidi chumvi, mama aliambiwa kwamba mkwe wake ameshiba. Amani ilikuwepo. Sasa posta hiyo ilikuwa na mimba kubwa na rundo la sare za shule za kushona, ikazidi kufupisha. Jioni moja mama alisema, kwa sauti iliyomponyoka, "Mwambie asihangaike kutafuta chumba, hapa ni kwao." Binti alimtazama mumewe, akahisi maneno hayo yatamchoma kama mtu anayehurumiwa, akamwambia, "Mama anakutakia heri." Mume akaelewa kwamba anatakiwa heri ya safari.

Na kweli alitaka kuondoka. Hakuwa na chuki, alikuwa na haya. Mtoto alikuwa njiani, pazia ni pazia tu, na yeye aliamini amemchosha mama wa watu. Kilichobaki ni kazi ya kudumu. Akiipata, angepanga vyumba vyake mwenyewe na kumwachia mama sebule yake. Akiikosa, mtoto angezaliwa nyuma ya pazia.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kiwanda cha biskuti, na huko ndiko mama mkwe alikofanya kazi miaka yote. Wanawake wa kufunga walimwita Mama Boksi, kwa kuwa ndiye aliyewaongoza kupanga pakiti ndani ya maboksi na kuyabeba hadi stoo. Mkwe wake alikuwa ameletwa kwa mkataba wa muda, akawekewa jina siku ile ile: Fundi Hewa.

Aliyempa jina hilo ni Meneja, na hakumpa kwa mapenzi. Kiwandani kulikuwa na mikono miwili ya roboti iliyookota biskuti kutoka kwenye mkanda na kuzipanga kwenye trei. Mikono hiyo ilizunguka kutwa, na nyaya zilizoiletea amri zilizunguka nayo, zikajisokota, zikakatikia ndani kwa ndani. Kila waya ulipokatika, mkanda haukungoja. Mama Boksi na wenzake walikimbilia kuokota kwa mikono yao, wameinama, mpaka migongo ikagoma. Fundi Hewa aliletwa aziondoe nyaya, amri zipite hewani.

"Waya nauona," Meneja alimwambia mbele ya watu. "Ukikatika, naona ulipokatikia. Wewe hiyo hewa yako ikikatika nitaishika wapi?"

Watu wakacheka, maana Meneja akicheka lazima watu wacheke. Fundi alimweleza taratibu. Kamera iliyo juu ya mkanda huona biskuti, hutuma habari kwa kompyuta, na kompyuta huuambia mkono ushike au uache. Hayo yote lazima yakamilike kabla mtu hajapepesa jicho, kwa sababu biskuti haisimami ingoje. Hewani hapana shida ya kufika, shida ni kuchelewa. Habari ikichelewa kidogo tu, mkono husimama pale pale ulipo. Umetengenezwa uwe mwoga, usije ukampiga mtu bila kujua unafanya nini.

"Haraka haraka haina baraka," akasema Meneja, "na wewe unauza haraka." Kisha akaondoka akamwacha na maelezo yake nusu.

Kazi ilifanyika hivyo hivyo. Fundi alifunga antena zake kwenye nguzo, akapima, akahamisha, akapima tena. Wiki za mwisho mikono ilikuwa ikifanya kazi bila waya hata mmoja, na wanawake wa kufunga walianza kusimama wima. Walihamishiwa kwenye kukagua trei, wakiwa wamekaa kwenye viti, na viti vile waliviona ni muujiza. Mmoja alisema amegundua ana kiuno.

Ikabaki siku ya kukabidhi. Mwenye kiwanda, mama mmoja mtu mzima aliyevaa miwani ya kamba, angekuja kuona mtambo ukifanya kazi kuanzia asubuhi hadi saa ya kutoka. Ukienda vizuri, hewa itabaki na fundi wake ataajiriwa. Ukisimama simama, Meneja alikuwa na nyaya mpya stoo, na alikuwa amemwambia kila mtu zilipo.

*

Asubuhi ya siku iliyotangulia, Fundi alitoka mapema kama kawaida yake. Alitoka mapema ili asilazimike kuongozana na mama mkwe njiani, maana wangezungumza nini? Mama alibaki akinywa chai, na moyo wake ulikuwa umejaa furaha inayotafuta pa kutokea.

Alimweleza binti yake jambo walilolipanga. Stoo kulikuwa na marobota ya karatasi za kufungia biskuti zilizokosewa chapa, zile za kung'aa kama kioo. Zilikuwa zitupwe. Wanawake walikuwa wamezikata vipande virefu, na kesho kabla mgeni hajaingia wangezitundika kwenye vyuma vya dari, juu ya mtambo, zining'inie. Meneja walishamwomba ruhusa, akasema pambeni, mgeni ni mkubwa. Lakini mama alitaka neno la mwenye mtambo.

"Muulize mumeo," alisema, "tukipamba ukumbi kwa zile karatasi za kung'aa, zikaning'inia kule juu ya mashine, hazitamsumbua? Kuuliza si ujinga. Muulize vizuri."

Binti alikuwa na pini mdomoni. Aliitikia kwa kichwa.

Jioni Fundi alirudi akiwa na macho mekundu na namba kichwani. Alikula bila kujua anachokula. Mkewe alikuwa akimalizia kifungo, mgongo unamuuma, mtoto anapiga teke, na sare zinatakiwa kesho. Akakumbuka.

"Mama anauliza kama wanaweza kupamba ukumbi."

"Wapambe tu," alisema mumewe. "Nani anakataa furaha?"

Mke akaenda mlango wa chumbani, akasema, "Amekubali." Mama alifurahi mpaka akatoa kitambaa chake kipya cha kichwa na kukinyoosha juu ya kitanda. Mkwe wake alikuwa amelifikiria jambo lake na kulikubali. Aliona ni kama wamezungumza.

*

Siku yenyewe ilianza vizuri mno. Fundi aliingia kwenye kijumba cha kompyuta, kijumba kisicho na dirisha upande wa ukumbi, akajifungia na mistari yake ya kijani kibichi. Kila mstari ulikuwa njia ya habari, na yote ilikuwa imetulia. Huko nje alisikia vicheko vya wanawake na ngazi ikiburutwa sakafuni. Akajua wanapamba, akatabasamu.

Mwenye kiwanda alipofika, ukumbi ulikuwa umependeza kweli. Karatasi zilining'inia kutoka dari nzima, zinametameta, na mikono ya roboti ilikuwa ikifanya kazi chini yake bila kukosea. Mgeni alisimama mlangoni akaondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani aliyefikiria jambo hili zuri?" akauliza.

Mama Boksi alikuwa hatua chache tu kutoka pale, kitambaa kipya kichwani, mikono ameifumbata mbele. Meneja alikuwa karibu zaidi. "Niliona tupendezeshe kidogo, mama," alisema. "Wazo lilinijia tu." Mama Boksi aliyasikia, akameza. Alikuwa ameshameza makubwa kuliko hayo chini ya Meneja huyo, na leo hakutaka kuharibu siku ya mkwe wake.

Tanuri za kuokea zilikuwa zinawaka upande wa pili wa ukuta, na jua nalo lilikuwa limepanda. Mgeni alijipepea kwa mkono. Meneja akaona, akakimbilia swichi, akawasha mafeni yote ya dari.

Karatasi zikaanza kucheza. Zilipepea, zikajikunja, zikageuka huku na huko, na mwanga ukarukaruka ukutani. Wanawake walipiga makofi. Mkono wa kwanza ukasimama hewani na biskuti yake, kama mtu aliyesahau alichokwenda kuchukua. Wa pili ukasimama. Biskuti zikajazana mwisho wa mkanda na kuanza kumwagika. Mikono ikaamka, ikafanya kazi kidogo, ikasimama tena.

Ndani ya kijumba ile mistari ya kijani iligeuka vichaka. Habari zilikuwa zinafika, lakini zimechelewa, nyingine zimefika mara mbili, moja kwa njia iliyonyooka na nyingine imezungukia mahali. Fundi hakuelewa inazungukia wapi. Alitoka mbio, akainua macho, na akaelewa yote mara moja. Karatasi ile hung'aa kwa kuwa imepakwa madini, na madini hurudisha mawimbi yabebayo habari hewani kama kioo kinavyorudisha mwanga. Juu ya mtambo wake kulikuwa na vioo mia na kitu, na vyote vilikuwa vinacheza ngoma.

Akamwona na mama mkwe chini ya karatasi hizo, ametabasamu, anamtazama yeye. Tabasamu lile lilikuwa linangoja asante.

"Kuna nini?" aliuliza mwenye kiwanda.

Jibu lilikuwa ulimini. Maneno mawili yangetosha. Lakini alijua Meneja angefanya nini nayo: angegeuka amtafute wa kumtupia, na wa kumtupia alikuwa amesimama pale na kitambaa kipya. Juzi tu mfagiaji alisimamishwa kazi kwa kuacha ndoo karibu na mkanda. Fundi akaomba kwanza mafeni yazimwe. Meneja akamuuliza kama anataka mgeni aive.

"Ni upande wangu, mama," Fundi alimwambia mwenye kiwanda. "Naomba nafasi mpaka watu warudi kutoka kula."

Mwenye kiwanda akakubali. Meneja hakungoja hata mgeni ageuke. Alimwita mtu wa stoo alete nyaya.

*

Watu walikwenda kula. Fundi alibaki kwenye pembe moja ya ukumbi akiwa na simu. Alijua la kufanya, na lilikuwa jambo dogo: mama mkwe aambiwe, awaambie wenzake, washushe mapambo kimya kimya kama vile wameamua wenyewe. Njia ya kumwambia mama alikuwa anaijua moja tu. Akampigia mkewe.

Namba ilikuwa inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akajiuliza mkewe anaongea na nani saa hizi, naye sare zinamngoja. Akapiga mara nyingine, huku akitembeza macho ukumbini kama wafanyavyo wanaosubiri simu.

Upande wa pili, kwenye kreti lililopinduliwa, alimwona mama mkwe ameketi peke yake. Hakwenda kula. Simu ilikuwa sikioni mwake, na kwa mkono mwingine alikuwa akieleza jambo kwa huzuni, anauonyesha mtambo, anamwonyesha na yeye Fundi, kana kwamba binti yake angeweza kuona kupitia simu. Alikuwa anaagiza, bila shaka, binti amuulize mumewe kuna tatizo gani.

Watu wawili katika ukumbi mmoja, wanaonana, na kila mmoja anamtafuta mwenzake kupitia nyumba iliyo ng'ambo ya mji. Fundi alikuwa amesomea namna ya kufupisha njia za habari, na cheti chake kilikuwa kimetundikwa nyuma ya pazia. Aliona aibu. Halafu, kwa kuwa mtu wa stoo alikuwa ameshaingia na robota la kwanza la nyaya begani, aliona kwamba hata aibu haina muda. Akaiweka simu mfukoni, akakatiza ukumbi.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe alishtuka, simu ikamtelemka mpaka shavuni. Tangu harusi mkwe huyu hakuwahi kuanza kumsemesha mahali pasipo na binti.

"Marahaba," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mtoto?"

"Wote wazima, mama. Ni haya mapambo."

Alianza kumweleza huku akivitazama viatu vyake, lakini jambo la mawimbi halielezeki kwa kutazama viatu, ikambidi ainue uso na mikono pia. Mama alisikiliza. Alitazama dari, akatazama mikono ya roboti iliyokuwa imesimama, na tabasamu lake likafa.

"Lakini niliuliza," alisema. "Nilimwambia akuulize. Karatasi za kung'aa, kule juu ya mashine. Nilisema hivyo hivyo."

"Mimi niliulizwa kupamba tu. Nikasema wapambe."

Wote wawili walikuwa wanamwona mtu yule yule, ana pini mdomoni. Mama ndiye aliyeanza kucheka, puani kwanza, kisha akashindwa kujizuia, na Fundi akacheka naye mpaka akashika nguzo. Simu iliyokuwa shavuni ilikuwa bado haijakatwa. Ndani yake sauti ndogo ilikuwa inauliza, "Mama? Mama, mnacheka nini? Unacheka na nani?"

Mama akaikata. Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Kwa nini hukusema pale pale, mbele ya yule mama?"

"Wangejua ni wewe."

"Si ndiyo ni mimi?"

Mama alimtazama, na hapo ndipo alipoelewa kijana huyu alikuwa amekubali kupoteza nini. Alijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, vizuri zaidi.

"Nilidhani hunipendi," alimwambia. "Unanikoholea tu."

"Nilidhani nimekuchosha."

"Hayo tutayasema nyumbani," alisema mama, akainuka. "Sasa hivi nipe ngazi."

*

Wanawake waliitwa kutoka chakulani, wengine bado wanatafuna. Mama Boksi aliwaambia neno moja tu, shusheni, nao hawakuuliza kwa nini. Vipande vilianza kuanguka. Meneja alirudi na kijiti cha meno mdomoni, akamkuta kiongozi wa kufunga yuko juu ya ngazi.

"Nani amewaruhusu? Mgeni ameyapenda."

Mgeni mwenyewe alikuwa nyuma yake. Mama Boksi alishuka ngazi bila haraka, akajifuta mikono, akamwendea. Alimwambia kwamba mapambo ndiyo yaliyosimamisha mtambo. Kwamba yanang'aa na kuzichelewesha zile habari za hewani. Kwamba fundi aliliona lakini akasita kusema. Aliyatundika yeye na wenzake, hakujua, na kama kuna wa kuadhibiwa basi ni yeye. Sauti yake haikutetemeka. Mkwe wake ndiye aliyetetemeka kwa niaba yake.

Meneja alikuwa ameshafungua kinywa kusema kwamba siku zote alikataza vitu kutundikwa ovyo. Mwenye kiwanda alimwinulia kidole.

"Si ulisema wazo ni lako?"

Meneja alitazama dari, kisha kijiti chake. "Wazo," alisema, "lilikuwa la pamoja."

"Vizuri. Basi na kushusha kuwe kwa pamoja."

Meneja alipanda ngazi na tai yake. Kuna wanawake watakaosimulia jambo hilo mpaka wajukuu zao wachoke. Alivuta kipande kimoja, kikamwangukia kichwani, akabaki anang'aa, na hakuna aliyecheka kwa sauti, ila mabega ya watu wengi yalikuwa yanaruka. Walifanya haraka. Penye wengi hapaharibiki neno, na dari ilikuwa imerudi kuwa dari ya kawaida kabla saa ya kula haijaisha.

Fundi aliingia kijumbani, akawasha. Mistari ilitulia. Mafeni yalikuwa yanazunguka kwa nguvu zote, na mikono ikaanza kuokota, kupanga, kuokota, kupanga, haisiti wala haiyumbi. Ilifanya hivyo mchana kutwa. Mwenye kiwanda aliketi kwenye kiti cha mmoja wa wakaguzi akala biskuti nyingi kuliko alizoruhusiwa na daktari wake, anaitazama. Mtu wa stoo alirudisha nyaya kimya kimya.

Saa ya kutoka ilipokaribia, mwenye kiwanda alimwita Fundi.

"Ulijua ni mapambo?"

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza mtambo wangu ukimwaga biskuti. Kwa nini?"

Fundi alitafuta jibu la kitaalamu, akalikosa. "Yule ni mama mkwe wangu."

Mwenye kiwanda alicheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye kamba yake. Alisema na yeye anao wakwe wa kiume watatu, na hakuna hata mmoja ambaye angefanya hivyo; wangemtaja kabla hajaulizwa. Kisha akawa mkali kweli. Alimwambia kwamba fundi akiona kosa alitaje pale pale, liwe la Meneja, liwe la mama mkwe, liwe lake mwenyewe mwenye kiwanda, maana mashine haina wakwe. Fundi akaitikia. Mwenye kiwanda akamwambia aje kesho ofisini kusaini mkataba wa kudumu, na aje na mama mkwe wake, kwa kuwa kiti cha msimamizi wa ukumbi kilikuwa wazi na yeye alikuwa amechoka kusikia mawazo yakimjia Meneja.

*

Walirudi nyumbani wakiwa pamoja, bega kwa bega, na njia nzima walizungumza. Walizungumza juu ya chumvi, juu ya viatu, juu ya redio. Mama alijua kwa mara ya kwanza kwamba mboga zake huwa zimezidi chumvi, akasema huyo binti alikuwa akimwambia zimeliwa zikaisha. Fundi alisema ziliisha kweli, alizimaliza kwa maji. Mama alicheka mpaka mtu wa mbele akageuka.

Binti alikuwa mlangoni, mkono kiunoni, simu mkononi, uso umempauka. Tangu mchana alikuwa amepiga mara zisizohesabika na hakuna aliyepokea. Alipowaona wanakuja wanacheka alidhani wamepata wazimu. Walimweleza wote wawili kwa pamoja, mmoja akidakia neno la mwenzake, na yeye akashindwa amtazame nani. Aliposikia habari ya mkataba machozi yalimtoka. Aliposikia habari ya pini akakaa chini.

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Ni letu," alisema mumewe.

"Hapana, acheni niseme na mimi." Alikuwa na hasira sasa, hasira ya mtu aliyebeba mzigo wa wenzake mpaka wakamlaumu kwa kuuangusha kona moja. "Nashona, napika, nina mtoto tumboni, na bado nawasemea watu wazima wawili wenye midomo yao. Kila siku mwambie mumeo, mwambie mama. Kuanzia leo posta imefungwa. Mwenye neno amwambie mwenziwe."

Akaingia ndani, akaketi kwenye cherehani, akajaza pini mdomoni makusudi.

Walikula. Mboga zilikuwa hazina chumvi kabisa, mama alikuwa amezipika yeye, na Fundi akamwambia kwamba sasa hazina kabisa. Mama akamsogezea kopo la chumvi. Palikuwa na jambo moja lililobaki, na wote watatu walilijua. Kazi ilikuwa imepatikana. Sebule ilikuwa karibu kuwa sebule tena.

Fundi aligeuka kwa mazoea. "Mwambie mama kwamba..."

Mkewe alimwonyesha pini.

Akamgeukia mama mwenyewe. Mama alikuwa anakunja kitambaa chake cha kichwa, anakikunja na kukikunjua, na hakuinua macho. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba wanahama, na alikuwa amejiandaa kusema heri.

"Mama," alisema Fundi, "nilikuwa nasema kazi ikipatikana tutakupunguzia mzigo, tutafute kwetu. Lakini njiani leo nimefikiria. Pale nyuma ya nyumba kuna nafasi. Kama usingeona vibaya, nikachimba msingi, tukaongeza chumba, mtoto akazaliwa hapa hapa kwa bibi yake, je, unge..."

"Ndiyo," alisema mama mkwe, naye Fundi alikuwa bado hajafika mwisho wa swali.